Mo Ibrahim: Rekodi Tano za Mwanzilishi wa Celtel

Nalasi, kusini mwa mkoa wa Ruvuma, ni jirani wa Msumbiji. Watu wa huko wanajua mpaka unavyoweza kugawa ukoo na soko. Ndiyo maana wasifu wa Mohamed Ibrahim, mhandisi Msudani aliyezaliwa mwaka 1946, unawahusu: rekodi zake kubwa ni za kuvuka mipaka.

Mtandao wa kwanza duniani kufuta mpaka. Septemba 2006, Celtel, kampuni ya simu aliyoianzisha, iliunganisha Tanzania, Kenya na Uganda kwa huduma ya One Network. Mteja wa Dar es Salaam akifika Kampala alipiga simu kwa bei ya wenyeji, akapokea bure, na kuongeza salio kwa vocha ya huko huko. Umoja wa Ulaya ulifuta gharama za namna hiyo mwaka 2017, Afrika Mashariki ikiwa imeutangulia kwa zaidi ya miaka 10.

Mauzo ya kihistoria. Ibrahim aliianzisha kampuni hiyo mwaka 1998, wakati wawekezaji wengi wakiiogopa Afrika. Mwaka 2001 iliingia Tanzania. Mwaka 2005 aliiuza kwa MTC ya Kuwait kwa dola bilioni 3.4. Baadaye ikaitwa Zain, na leo ni Airtel.

Moja ya tuzo nono zaidi duniani. Mwaka 2006 alianzisha taasisi yake ya utawala bora. Kiongozi mstaafu wa nchi ya Afrika anayeshinda tuzo yake hulipwa dola milioni 5 kwa miaka 10; washindi wa mwanzo waliahidiwa pia dola 200,000 kila mwaka baada ya hapo hadi mwisho wa maisha yao. Nobel haifikii hapo.

Mshindi wa kwanza: jirani yetu. Oktoba 22, 2007, siku alipotimiza miaka 68, Joaquim Chissano wa Msumbiji alitangazwa mshindi. Aliiongoza nchi yake kufikia amani ya mwaka 1992 iliyomaliza vita vya wenyewe kwa wenyewe, na mwaka 2005 akaachia madaraka kwa hiari. Vita vile vilileta wakimbizi Ruvuma. Thamani ya amani hiyo wazee wa mkoa huu wanaijua vizuri.

Tuzo inayokaa bila mshindi. Mwaka 2009, 2010, 2012 na 2013 hakupatikana aliyestahili. Kamati, iliyoongozwa na Kofi Annan na baadaye na Salim Ahmed Salim wa Zanzibar, haikushusha kipimo.

Lakini mafanikio makubwa kuliko yote ni kanuni moja ya Celtel: hakuna kutoa rushwa. Malipo yoyote yaliyozidi dola 30,000 yalihitaji idhini ya bodi, hivyo meneja aliyebanwa na ofisa alikuwa na jibu. Kijana wa Nalasi anayeota kufungua kampuni ya teknolojia aanze na kanuni hiyo. Haihitaji mtaji, na Ibrahim amethibitisha kwamba inalipa.