Choo Nacho Kinapumua!

Je, umewahi kuingia kwenye choo kinachong'aa, vigae vyeupe pee, halafu harufu ikakufukuza? Basi makala hii ni yako.

Mama yangu mdogo anaishi Tanga, kwenye nyumba ya Kiswahili ya zamani: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, choo uani. Walipoikarabati waliamua kuhamishia choo ndani, kiwe cha kuvuta, ili bibi asihangaike kutoka nje usiku. Wazo zuri. Lakini mwezi haujaisha, nyumba nzima ikaanza kunuka.

Unadhani nani alilaumiwa? Mdogo wangu wa Kidato cha Pili, kwa vile kuosha choo ni kazi yake. "Huoshi vizuri wewe!" Akasugua asubuhi na jioni mpaka vidole vikachubuka kwa dawa. Bibi akafukiza ubani. Wapi! Harufu palepale.

Lakini binti alikuwa ameona jambo. Kila mtu akivuta maji chooni, tundu la maji la sakafuni bafuni linalia "blu, blu, blu". Akamweleza fundi bomba mwingine. Huyo hakuuliza habari za dawa. Aliuliza, "Bomba la hewa liko wapi?" Halikuwepo. Fundi wa kwanza aliliacha, eti linaongeza gharama tu.

Maji yanayolinda mlango

Tazama chini ya sinki. Utaona bomba limepinda kama shingo ya bata. Choo cha kuvuta nacho kina mkunjo wake, na tundu la sakafuni linatakiwa liwe nao. Mkunjo huo hubaki na maji muda wote, chooni kina chake ni kama sentimita 5 hivi. Maji hayo ndiyo mlango: yanazuia hewa ya shimoni isipande ndani ya nyumba. Alexander Cumming, fundi saa wa London, alipewa hataza ya choo chenye mkunjo wa namna hiyo mwaka 1775, na vyoo vyetu bado vinatumia wazo hilohilo.

Sasa hewa inahusikaje?

Chukua kopo la maziwa. Ukitoboa tundu moja, maziwa yanatoka kwa kusitasita. Toboa la pili, yanamiminika, kwa sababu hewa imepata pa kuingilia. Bomba la maji taka ni hivyohivyo. Maji mengi yakishuka kwa kasi, yanavuta hewa nyuma yake. Kama hakuna bomba la hewa, hewa itavutwa kupitia kwenye mikunjo, na yale maji ya mlango yatafyonzwa, kama soda kwenye mrija. Ile "blu, blu" ndiyo hewa inayopenya kwa nguvu.

Kwani ni harufu tu?

Hapana. Hewa ya shimoni ina gesi ya salfidi ya haidrojeni, inayonuka kama yai viza. Inaweza kuleta maumivu ya kichwa na kichefuchefu. Ikiwa nyingi, kama ndani ya shimo lenyewe, inaua, na pua huacha kuisikia. Kwa hiyo usishuke shimoni hata siku moja!

Mwaka 2003, huko Hong Kong, zaidi ya watu 300 wa mtaa mmoja wa maghorofa uitwao Amoy Gardens waliugua SARS. Wachunguzi walikuta mikunjo ya matundu ya sakafuni imekauka, na feni za bafuni zikaonekana kuwa zilivuta matone yenye virusi kutoka kwenye mabomba. Hapo tatizo lilikuwa ukavu, lakini funzo ni lilelile: mkunjo mtupu ni mlango wazi.

Kama kwenu mnakarabati

Sema mapema, kabla vigae havijawekwa. Bomba la hewa huunganishwa na bomba la maji taka karibu na mikunjo, likapanda mpaka juu ya paa, mbali na madirisha. Lisiishie darini, gesi itarudi ndani. Mdomoni liwekewe wavu: mbu aina ya Culex huzaliana kwenye mashimo ya maji taka, na huku pwani wanaeneza matende na mabusha. Wavu ukaguliwe, usizibe.

Kama nyumba imeshakwisha, jaribu hili. Mwaga maji kwenye tundu la sakafuni. Harufu ikikata, ikarudi baada ya wiki kadhaa bila tundu kutumika, maji yanakauka tu: mwaga jagi moja kila wiki. Ikirudi kila choo kinapovutwa, ulizia bomba la hewa. Isipokata kabisa, huenda kuna bomba lililopasuka. Mwite fundi.

Kwa mama mdogo ilibidi kuvunja vigae vipya, kisha bomba likapandishwa kwa nje ya ukuta. Vigae ndivyo vilivyouma mfuko, bomba lilikuwa rahisi. Harufu ilikwisha. Mama mdogo alimwita binti yake akamwambia, "Nisamehe mwanangu, nilikuonea."

Basi rafiki, ukisikia choo kinalia "blu, blu", usimgombeze anayekiosha. Toka nje, utazame paa.