Mbele Mshiko, Nyuma Uimara: Kuchagua Matairi ya Pikipiki Bukene

Pikipiki inayobeba abiria na mizigo kati ya mji mdogo wa Bukene na vijiji vinavyouzunguka hugusa ardhi kwa sehemu mbili tu, na hakuna hata moja kati ya hizo inayofikia ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Lakini ni kwa sehemu hizo mbili ndipo breki hupata pa kushikia, usukani hutii, na nguvu ya injini hugeuka kuwa mwendo. Pamoja na hayo, tairi ni miongoni mwa vipuri vinavyonunuliwa kwa haraka, kwa kuwa mnunuzi huuliza bei, akabonyeza mpira kwa kidole gumba, akatazama kina cha kashata, yaani vile vipande vya mpira vilivyoinuka juu ya uso wa tairi na kutenganishwa na mifereji, kisha akalipa. Mambo matatu ambayo kila dereva huyataka kwa pamoja, yaani mshiko, uimara na unafuu, hayapatikani kwa ukamilifu katika tairi moja, na katika mazingira ya Bukene ni busara zaidi kuyagawa baina ya gurudumu la mbele na la nyuma.

Bukene imo katika wilaya ya Nzega, mkoani Tabora, kwenye reli itokayo Tabora kwenda Mwanza, ambayo ujenzi wake ulikamilika mwaka 1928. Nchi hii ya Unyamwezi ilijulikana kwa uchukuzi muda mrefu kabla ya reli: katika karne ya 19 wapagazi wake walibeba pembe za ndovu hadi pwani, na mzigo wa kawaida wa mtu mmoja ulikuwa frasila mbili hivi, sawa na kilo 32. Gunia la kilo 100 linalofungwa leo kwenye keria kwa kamba za mpira ni mzigo wa wapagazi watatu, na mara nyingi mwenye gunia naye hupanda juu yake au mbele yake. Mzigo huo husafiri katika njia za namna mbalimbali. Lami iko Nzega, ambako barabara kuu huelekea Tabora kwa upande mmoja na Tinde kwa upande wa pili. Nje ya lami hiyo kuna changarawe, ambayo wakati wa kiangazi hulegea na kuviringika chini ya tairi, na kuna mchanga wa miinuko unaolifanya gurudumu la mbele lizame na kuyumba. Kisha, kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua huingia katika udongo mweusi wa mbuga, ambao ni mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Sifa hiyo inayoyafanya majaruba ya mpunga yashike maji ndiyo huufanya udongo huo ugande kwenye tairi hadi mifereji yote ijae na tairi libaki laini kama halikuchongwa kitu.

Ili kuelewa ugumu wa uchaguzi, yafaa kuanza na mpira wenyewe. Mpira mbichi ukitoka mtini hunata ukipata joto na kukakamaa ukipata baridi, na ni Charles Goodyear wa Marekani aliyegundua, mwaka 1839, kwamba ukipikwa pamoja na salfa hupata unyumbufu wa kudumu. Tairi la leo lina mchanganyiko wa mpira wa asili na wa kutengenezwa, salfa, mafuta na masizi maalumu ya kaboni ambayo huliongezea nguvu na kulipa rangi yake nyeusi, na kwa kubadili vipimo vya mchanganyiko huo kiwanda huamua kama mpira utakuwa laini au mgumu. Mpira laini hujipenyeza katika vinundu vidogo vya barabara na, ukishabonyezwa, huchelewa kurudi katika umbo lake. Kuchelewa huko ndiko kunakokula nguvu ya mwendo na kutoa mshiko, lakini nguvu iliyoliwa hugeuka joto, na mpira wenyewe hulika upesi. Mpira mgumu hurudi haraka, hupoa, hudumu, na huteleza mapema zaidi, hasa juu ya lami iliyolowa. Hakuna kiwanda kilichoweza kuuondoa kabisa mvutano huo, bali kila kimoja huchagua mahali pa kusimama katikati yake.

Watengenezaji wa matairi ya pikipiki kubwa za safari ndefu, zile zinazokwenda kwa kasi katika barabara kuu za Ulaya na kuinamishwa sana kwenye kona, wamepata suluhisho moja la kuvutia. Tairi la Michelin Pilot Road 2, lililotoka mwaka 2007, lilikuwa na mpira wa aina mbili katika uso mmoja: mgumu katikati, ambako pikipiki hukanyaga inapokwenda moja kwa moja, na laini pembeni, ambako hukanyaga inapolala kwenye kona. Mbinu hiyo sasa imeenea miongoni mwa viwanda vingi, pamoja na matumizi ya silika, unga wa madini unaosaidia mpira kushika barabara yenye maji bila kuchakaa kupita kiasi. Matairi hayo hayawezi kuhamishiwa kwenye pikipiki ya abiria ya Bukene, ingawa rimu zake nyingi zina kipenyo kilekile cha inchi 17, kwa sababu tairi la nyuma la namna hiyo huwa na upana wa milimita 180 wakati lile la pikipiki ya cc 125 au 150 lina inchi tatu, yaani milimita 76. Aidha, dereva wa Bukene hailazi pikipiki yake kwenye kona za lami; kutwa nzima yuko wima, akiwa na mzigo, akitafuta njia kati ya mashimo. Linalofaa kuchukuliwa kutoka kwa wataalamu hao ni wazo lenyewe, kwamba kazi mbili zinazopingana zisilazimishwe kufanywa na mpira mmoja.

Gurudumu la mbele na la nyuma hayafanyi kazi moja. La nyuma husukuma pikipiki na kubeba sehemu kubwa ya mzigo, kwa hiyo hulika haraka na huhitaji mpira mgumu kiasi, wenye kashata nene na nyuzi za ndani zenye nguvu. La mbele halisukumi. Kazi yake ni kuongoza na kusimamisha, maana breki zinaposhikwa uzito wa pikipiki huegemea mbele, na hapo tairi la mbele ndilo linaloweza kufupisha umbali wa kusimama. La nyuma likiteleza, dereva mara nyingi hupata nafasi ya kulirudisha, lakini la mbele likiteleza huanguka kabla hajajua kilichotokea. Desturi iliyoenea, hata hivyo, ni kinyume cha hesabu hii: kwa kuwa la mbele hulika polepole, huachwa hadi mpira wake unakauka na kupasukapasuka, na likibadilishwa huwekwa lililo rahisi kuliko yote dukani. Kutokana na hali hiyo madereva wengi huiogopa breki ya mbele na kutegemea ya nyuma peke yake, na woga huo, ambao una sababu kwa mtu mwenye tairi kavu, huwanyima nusu nzuri zaidi ya uwezo wao wa kusimama. Fedha ikiwa ni ya tairi moja zuri tu, na liende mbele.

Umbo la kashata nalo lichaguliwe kwa njia na kwa majira. Pikipiki nyingi hutoka kiwandani zikiwa na tairi la mbele lenye mistari mirefu inayolizunguka, ambalo huongoza vizuri sana juu ya lami lakini hushindwa mara moja katika tope la mbuga, kwa kuwa mistari hiyo hujaa na haina pa kulitemea. Tairi lenye kashata ndefu zilizoachana sana hujisafisha lenyewe linapozunguka na huuma udongo laini, lakini juu ya lami hugusa barabara kwa sehemu ndogo, hutetemesha usukani na huisha upesi. Kwa dereva anayetoka Bukene kwenda Nzega mara kwa mara, tairi la katikati linafaa zaidi, lile ambalo kashata zake zimekaribiana katikati na kuachana pembeni; kwa yule anayeshinda kati ya mashamba ya mpunga msimu mzima wa mvua, kashata zilizoachana ni ununuzi wenye akili hata kama hazitadumu.

Maandishi ya ubavuni mwa tairi husema mengi kuliko muuzaji. Chukua tairi la nyuma lililoandikwa 3.00-17 6PR 50P TT. Tarakimu za kwanza ni upana na kipenyo cha rimu kwa inchi. 6PR ni daraja la nguvu ya nyuzi za ndani. TT humaanisha kwamba tairi hutumia tyubu, jambo la lazima kwa rimu ya spoku, ambayo matundu yake hupitisha upepo. Herufi P ni kasi ya juu ya kilomita 150 kwa saa, ambayo haina maana kubwa kwa Bukene. Namba 50 ndiyo yenye uzito hasa, kwa kuwa huruhusu kilo 190 juu ya tairi hilo, wakati 41 huruhusu kilo 145 tu, na tofauti hiyo haionekani kwa macho. Pikipiki yenye kilo 115 huweka kama kilo 60 nyuma. Dereva wa kilo 65 huongeza zaidi ya 40. Gunia la kilo 100 lililokaa juu ya ekseli ya nyuma huingia karibu lote. Jumla inafika kilo 200 hivi, abiria akiwa bado hajapanda. Mwendo mdogo hupunguza hatari, lakini hauiondoi, hasa tairi linapogonga ukingo wa shimo.

Karibu na maandishi hayo huwa kuna tarakimu nne za tarehe ya kutengenezwa: 1824 ni wiki ya 18 ya mwaka 2024. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani, na tairi lililoning'inizwa barazani kwa miaka, likipigwa jua, huonyesha mipasuko myembamba kama nywele kwenye ubavu linapokunjwa kidogo kwa mikono. Tairi la namna hiyo lina kashata zote na halina mshiko, na bei yake ya chini isimdanganye mtu.

Upepo ndio unaoamua kama fedha iliyolipwa itarudi. Kwa pikipiki nyingi za aina hii viwanda hupendekeza paundi 25 hivi kwa inchi ya mraba mbele, na nyuma 28 dereva akiwa peke yake, au 32 akiwa na abiria. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja kila mzunguko, hupata joto, hulika mabegani, na tyubu yake hubanwa kati ya rimu na jiwe. Dereva anayepunguza upepo ili kuvuka mchanga anafanya jambo sahihi kwa mahali pale tu. Akifika changarawe bila kuujaza tena, rimu inaweza kuteleza ndani ya tairi na kung'oa pua ya tyubu. Pampu ya mguu na kipimo cha upepo kijiweni hulipa gharama yake mapema kuliko kifaa kingine chochote.

Unafuu hupimwa kwa kilomita. Tuseme, kwa mfano tu, tairi moja linauzwa shilingi 45,000 na kudumu kilomita 8,000, na jingine shilingi 70,000 na kudumu kilomita 15,000: la kwanza linagharimu shilingi 5.6 kwa kilomita na la pili 4.7, mbali na siku ya ziada inayopotea kwa fundi. Dereva akiandika usomaji wa mita siku ya kufunga na siku ya kufungua, baada ya matairi mawili au matatu atakuwa na ushahidi wake mwenyewe, wa njia zake na mizigo yake. Ushahidi huo una thamani zaidi sasa kwa kuwa kiwanda cha General Tyre cha Arusha, kilichotengeneza matairi ya magari nchini tangu miaka ya 1970, kilisimama kabla ya mwaka 2010, ingawa mashamba ya mpira yapo Muheza na Kilombero. Sokoni yamejaa matairi ya nje yenye majina mapya kila msimu.

Tatizo kubwa kuliko yote halimo katika mpira. Dereva wa hesabu, anayempelekea mwenye pikipiki kiasi maalumu kila siku, hana sababu ya kununua tairi la miezi mingi kwa chombo kinachoweza kuchukuliwa kesho, na mwenye chombo, ambaye hakipandi, hana sababu ya kulipia mshiko. Dereva wa mkataba, ambaye pikipiki itakuwa yake akimaliza malipo, hujali zaidi, lakini hubanwa na rejesho la wiki. Makubaliano ya pande hizo, ambayo huandikwa kwa makini kuhusu fedha, yanapaswa kuandikwa kwa umakini uleule kuhusu tairi: nani hununua, la uwezo wa kilo ngapi, na lini hubadilishwa. Kipimo cha mwisho kimekwisha kuwekwa kiwandani kwa alama ya TWI, kinundu kidogo kilicho chini ya mifereji, kwa kawaida cha milimita 0.8 hivi, na kashata zikishalingana nacho tairi limekwisha, hata kama bado halijatoa nyuzi, na siku hiyo pikipiki ibaki kijiweni bila hesabu kudaiwa, hadi jingine lifungwe.