Kwa nini Wambulu huulizwa wametoka nchi gani?

KIJANA aliyezaliwa Dongobesh, wilayani Mbulu, anapohamia Dar es Salaam kutafuta maisha, hazipiti siku nyingi kabla hajaulizwa swali ambalo kwao hakuwahi kuulizwa: "Wewe ni Muhabeshi?"

Siku nyingine swali hubadilika. Ataulizwa kama ni Msomali, Mwarabu au chotara. Akijibu kwamba ni Mtanzania wa Mbulu, muulizaji hutabasamu na kuongeza swali la pili: "Sawa, lakini asili yenu hasa ni wapi?"

Mara nyingi muulizaji hana nia mbaya. Pengine hata anadhani anasifia. Lakini swali hilo linaporudiwa dukani, chuoni, kazini na kituo cha mabasi, aliyeulizwa huanza kujiuliza mwenyewe. Wapo wanaolicheka. Wapo wanaolikubali kwa utani na kudai kweli wametoka Ethiopia, ili mazungumzo yaishe. Na wapo wanaoumia, kwa kuwa wanaona wanatakiwa kuthibitisha uenyeji ambao jirani zao wamepewa bila kuombwa ushahidi.

Katika nchi ambayo ni njia ya wahamiaji kutoka Ethiopia na Somalia wanaoelekea Afrika Kusini, utani wa ndani ya basi unaweza kugeuka kuwa swali la afisa kwenye kizuizi cha barabarani. Hapo sura ya mtu huwa imeshatoa ushahidi kabla hajafungua mdomo.

Swali hilo lina historia yake, na historia hiyo haikuanzia Mbulu.

Makutano ya lugha

Wanaoitwa Wambulu wenyewe hujiita Wairaqw. Lugha yao, Kiiraqw, ni ya kundi la Kikushi, na ndugu zake wa karibu ni Kigorowa cha Babati, pamoja na Kialagwa na Kiburunge vya upande wa Kondoa na Chemba. Kwa mbali zaidi ina udugu na Kisomali na Kioromo, lakini lugha hizo ziliachana maelfu ya miaka iliyopita. Mwiraqw na Msomali wakikutana leo, kila mmoja akazungumza lugha yake, hawaelewani.

Jirani zao wa Hanang, Wadatoga, ambao kundi lao kubwa ni Wabarbaig, huzungumza lugha ya Kiniloti yenye udugu na lugha za Wakalenjin wa Kenya. Katika bonde la Yaeda, Mbulu, wanaishi Wahadzabe, ambao lugha yao ina vidoko na haijathibitishwa kuwa na ndugu yeyote duniani. Pembeni wapo Wanyiramba, Waisanzu, Wanyaturu, Warangi na Wambugwe, wenye lugha za Kibantu.

Ni sehemu chache sana barani Afrika ambako lugha za asili tofauti kiasi hicho hukutana ndani ya mwendo wa siku moja. Mkazi wa Katesh anayekwenda mnadani husikia lugha tatu au nne asizoweza kuzihusisha, na haoni ajabu. Ajabu huonwa na mgeni aliyezoea kudhani kwamba Mtanzania ana sura moja.

Nadharia iliyogawa Waafrika

Wazungu walipoitawala Afrika Mashariki walikuja na imani kwamba binadamu wamepangwa kwa ngazi. Walipokuta watu wenye umbo walilolipenda, au wenye kilimo na utawala uliowashangaza, walisema hao hawawezi kuwa Waafrika kamili, bali ni "Wahamiti", watu waliotoka nje ya bara na kuleta ustaarabu.

John Hanning Speke alieneza wazo la namna hiyo katika kitabu chake cha safari cha mwaka 1863. Mwaka 1930 Mwingereza C. G. Seligman aliliandika kama sayansi katika kitabu chake kuhusu mbari za Afrika, akidai kuwa ustaarabu wa bara hili ni kazi ya Wahamiti.

Nadharia hiyo ilileta madhara makubwa. Nchini Rwanda, Wabelgiji waliitumia kuwapandisha Watutsi na kuwashusha Wahutu, na katika miaka ya 1930 wakaandika kabila kwenye vitambulisho. Mwaka 1994 vitambulisho vya namna hiyo vilitumika vizuizini kuchagua nani auawe. Na hoja iliyotumika dhidi ya Watutsi ilikuwa ile ile iliyowahi kuwa sifa yao: kwamba ni wageni waliotoka Ethiopia.

Kwa Wairaqw nadharia hiyo ilizaa hadithi nyingine. Kwa kuwa jina lao linafanana na jina la nchi ya Irak, ilisemwa kuwa walitoka huko. Mwanaanthropolojia wa Norway, Ole Bjørn Rekdal, aliifuatilia dhana hiyo katika makala aliyoichapisha mwaka 1998 kwenye jarida la Ethnology. Alionyesha jinsi kisio la wageni lilivyozunguka kupitia maandishi na elimu hadi likarudi kwa wenyeji na kusimuliwa kama urithi wa mababu.

Hivyo kijana wa Mbulu anayesema "sisi tulitoka Irak" huenda anadhani anarudia maneno ya babu, kumbe anarudia kisio la mgeni. Simulizi za zamani za Wairaqw huzungumzia Ma'angwatay, nchi waliyoiacha baada ya ugomvi na Wadatoga, kisha safari iliyowafikisha kwenye vilima vya Irqwar Da'aw, eneo la Kainam lililo karibu na mji wa Mbulu wa leo.

Mifupa ya Luxmanda

Je, hakuna ukweli wowote katika habari za kutoka kaskazini? Upo, lakini hauwapi nguvu wanaouliza.

Huko Luxmanda, kwenye uwanda wa juu wa Mbulu, wanaakiolojia walifukua makazi ya wafugaji wa kale. Uchunguzi wa vinasaba vya mtu aliyezikwa hapo takribani miaka 3,100 iliyopita, uliochapishwa mwaka 2017, ulionyesha kuwa zaidi ya theluthi ya nasaba yake ilihusiana na wakulima wa kale wa Mashariki ya Kati. Sehemu iliyobaki ilikuwa ya watu wa kale wa Afrika Mashariki.

Hakuna awezaye kusema mtu huyo alikuwa Mwiraqw. Kinachothibitika ni kwamba mchanganyiko wa watu katika nyanda hizi umekuwapo kwa zaidi ya miaka 3,000, na kwamba wafugaji hao walitangulia kufika kabla ya wasemaji wa lugha za Kibantu. Wahadzabe nao wanatokana na wawindaji waliokuwapo kabla ya wafugaji. Kama uenyeji ungepimwa kwa kutangulia kufika, wengi wa wanaouliza wangetakiwa kujibu kwanza.

Kuhusu ngozi, utafiti mwingine wa mwaka huo huo wa 2017, uliohusisha watu wa Ethiopia, Tanzania na Botswana, ulionyesha kuwa rangi huongozwa na vinasaba vingi, na kwamba weusi na weupe wa aina mbalimbali umo ndani ya Afrika yenyewe. Maji ya kunde si ushahidi wa ugeni.

Uenyeji unapokuwa kesi

Anayedhani kuwa mambo haya ni ya kupigia soga tu aangalie yaliyotokea Hanang.

Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Serikali ilianzisha mashamba makubwa ya ngano katika uwanda wa Basotu chini ya NAFCO, kwa msaada wa Canada. Wabarbaig walipoteza malisho yao bora, na pia maeneo yenye makaburi ya wazee wao. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani na kushinda katika Mahakama Kuu.

Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ilitengua ushindi huo. Moja ya sababu zake ilikuwa kwamba wanakijiji hawakuthibitisha kuwa wao ni "wenyeji" kwa maana ya sheria ya ardhi iliyorithiwa kutoka kwa Waingereza. Watu ambao mababu zao wamezikwa katika ardhi hiyo walitakiwa kwanza kuthibitisha mbari yao ndipo wadai haki.

Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, ziliondoka katika msingi huo kwa kuifunga haki ya kimila na uraia. Mwaka 2011 Wahadzabe wa bonde la Yaeda walipata hati ya hakimiliki ya kimila ya ardhi yao, wakiwa jumuiya. Safari hii kilichotambuliwa ni matumizi yao ya ardhi hiyo kwa uwindaji, matunda na asali, bila kujali sura zao.

Majina waliyopewa na wengine

Wenyeji wa wilaya hizi nao hawana usafi kamili katika jambo hili. Wengi bado huwaita Wadatoga "Wamang'ati", neno lililotoka kwa Wamasai likiwa na maana ya adui. Wahadzabe huitwa majina ya dharau na baadhi ya majirani zao. Anayelalamika Dar es Salaam kwamba anaonekana mgeni, akirudi Mbulu anaweza kumtazama Mhadzabe kama mtu wa porini asiye na kwao.

Pamoja na hayo, mila zenyewe zina somo tofauti. Miongoni mwa Wairaqw zipo koo zinazosimulia kuwa mwanzilishi wao alikuwa Mdatoga, au mtu wa kabila la Kibantu la jirani. Koo hizo hazihesabiwi kuwa nusu Wairaqw. Mtu huwa wa mahali kwa kuishi katika "aya", yaani eneo lenye mipaka na matambiko yake, kwa kulima pamoja na wenzake na kuzika wafu wake hapo. Damu huulizwa wakati wa kuoa, ili ndugu wasioane.

Taifa nalo lilijengwa kwa wazo linalokaribiana na hilo. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuuliza kabila, na kitambulisho cha Taifa hakina nafasi ya kuliandika. Frederick Sumaye alitoka Hanang na kuwa Waziri Mkuu kwa miaka 10, kuanzia 1995 hadi 2005.

Na Oktoba 20, 1968, katika mbio za marathoni za Olimpiki mjini Mexico City, mshindi alikuwa Mamo Wolde wa Ethiopia. Zaidi ya saa moja baadaye, giza likiwa limeingia, John Stephen Akhwari wa Mbulu aliingia uwanjani akichechemea, mguu umefungwa bandeji baada ya kuanguka njiani. Alikuwa wa mwisho kumaliza, na jina lililobaki midomoni mwa dunia kutokana na kitendo kile ni la Tanzania.

Kuuliza si kosa. Mswahili husalimia kwa kuuliza kwao mtu ni wapi, na huo ni ungwana. Kosa ni kuuliza, kupewa jibu, kisha kukataa kuliamini kwa sababu ya pua, nywele au rangi. Mtu akisema kwao ni Mbulu, swali linalofuata liwe kama mvua imenyesha huko.