Mwizi Alikuwa Ndani ya Nyumba

Leo nataka kuwasimulia habari ya choo. Asicheke mtu, wala asione haya. Katika jambo hili dogo mimi mwalimu nilipata somo ambalo sikulishika katika miaka yangu yote ya seminari.

Hapa Bunia kila mama aijua thamani ya bidoni ya maji. Mabomba ya Regideso hayafiki katika kila lupango. Jamaa nyingi huteka maji chemchemini, au hukinga maji ya mvua yatokayo kwenye bati. Tena, tangu vita viliporudi Ituri mwishoni mwa mwaka 2017, maelfu ya watu walikimbilia mjini na watoto wao na vitu vichache tu, na wote hao walihitaji maji.

Katika bweni la wavulana nililokuwa msimamizi wake tulikuwa na tangi la lita 5000, lililojazwa na mvua. Wakati wa kiangazi, kati ya Desemba na Februari, hiyo ndiyo iliyokuwa akiba yetu. Nyuma ya ua walikaa watu wachache waliokimbia vita. Niliwapa ruhusa mama zao kuingia kila asubuhi kwa mlango mdogo na kuteka bidoni mbili.

Mwaka mmoja, siku ile wanafunzi walipokwenda nyumbani kwa likizo ya Noeli, mvua kubwa ilinyesha, na tangi likajaa hata likafurika. Nami nikaenda kuwaamkia wazazi wangu. Niliporudi baada ya siku saba, nikafungua robine: halikutoka hata tone. Tangi lilikuwa tupu!

Sikuuliza neno, wala sikutafuta. Nilisema mbele ya watu, “Wale wa nyuma ya ua wametuibia maji.” Kisha nikaufunga mlango mdogo kwa kufuli. Mama mmoja alikuja na bidoni yake, akaliona kufuli, akageuka akaenda zake kimya.

Siku ya tatu tulinunua maji, tukayamwaga tangini. Usiku ule nilipokuwa nikisali, nikasikia sauti nyembamba, kama ya mtu apumuaye usingizini. Nikaifuata sauti hiyo kwa taa hata chumba cha wageni. Kumbe! Ilitoka katika choo cha maji, ambacho mgeni mmoja alikuwa amekitumia asubuhi ile ile ya likizo. Chini hapakuwa na unyevu wowote, maana maji yalitiririka polepole ndani ya bakuli na kwenda zake moja kwa moja shimoni.

Jinsi fundi alivyompata mwizi

Kulipokucha nikamwita fundi mmoja, mzee wa miaka mingi. Akafunua kifuniko cha tangi dogo la choo, akatazama, akacheka.

“Mwalimu,” akasema, “choo chako kinakunywa usiku na mchana, wala hakilewi.”

“Sasa tufanyeje, Mzee?”

“Tumhoji kwanza kabla ya kumhukumu,” akanijibu.

Neno hilo lilinichoma moyo, ingawa yeye hakujua habari ya kufuli langu.

Wanafunzi, sikilizeni vema alivyofanya, kwani kila mtu aweza kuyafanya hayo. Alifunga robine iingizayo maji. Akachora alama kwa kalamu ndani ya tangi, mahali maji yalipofika. Akangoja dakika 10. Maji yalikuwa yameshuka. Ndipo akachukua kopo la nusu lita, akamimina maji ndani hata yakafikia alama tena: makopo 10. Basi zilikuwa zimepotea lita 5 kwa dakika 10, yaani nusu lita kila dakika.

Sasa fanyeni hesabu. Nusu lita kwa dakika ni lita 30 kwa saa, na kwa siku moja ni lita 720, yaani bidoni 36 za lita 20. Kwa siku saba zapita lita 5000. Na wale mama? Bidoni mbili kwa siku ni lita 40. Kwa siku saba ni lita 280 tu. Mtoto wa darasa la nne angaliweza kunionyesha kwamba nimesema uongo.

Mzee alinieleza kwamba tangi la choo lina milango miwili. Mlango wa kwanza ni ule uingizao maji, nao huongozwa na boya. Maji yakipanda, boya hupanda nayo na kuufunga. Mlango wa pili uko chini: ni mpira uzibao tundu la kwendea bakulini, nao huinuliwa mtu avutapo mnyororo au abonyezapo kitufe. Choo kisichonyamaza kina mlango mmoja usiofunga.

Ukisha kufunga robine, maji yakashuka chini ya alama, kosa ni la mpira wa chini. Yasiposhuka, nawe ulikuwa ukiona maji yakifurika na kuingia katika lile bomba la wima lililo katikati ya tangi, kosa ni la boya au la mlango wake.

Kwetu sisi mnyororo mdogo ulikuwa umenaswa chini ya mpira, ukauzuia kukaa mahali pake. Mzee akaunasua na kuufupisha kidogo. Akapangusa mpira na ukingo wa tundu kwa kitambaa, maana mchanga kidogo tu watosha kuacha ufa. Mpira ukiwa umekauka au kupindika, hapana budi kununua mwingine. Boya likiwa limepasuka na kuingia maji, libadilishwe. Likiwa zima lakini laacha maji yapande mno, lishushwe kidogo, hata maji yasimame kama vidole viwili chini ya mdomo wa bomba lile la wima. Kazi ya mzee haikumaliza nusu saa.

Jambo hili si la Bunia peke yake. Huko Ulaya na Marekani wako watu wasafirio kwa magari makubwa yenye vitanda, jiko na choo ndani yake. Vyoo vingi vya magari hayo havina tangi dogo la juu. Mtu hukanyaga pedali, na pampu ndogo ya umeme husukuma maji kutoka akiba ya gari. Mlango wa maji ukiingia uchafu, au pedali isiporudi sawasawa, maji hayakomi: akiba hukauka, na tangi la maji machafu hujaa kabla ya wakati. Msafiri mwenye busara huzima pampu kwanza, kisha hutafuta ni mlango gani usiofunga.

Kufuli likafunguliwa

Mzee alipokwisha kwenda, nilichukua ufunguo, nikaenda nyuma ya ua. Nikamkuta yule mama akipepeta maharagwe.

“Mama,” nikasema, “nimewatukana ninyi bila haki. Maji yalipotea kwetu ndani. Naomba unisamehe.”

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, “Mwalimu, mtoto wangu alisikia tukiitwa wezi. Mwambie na yeye.”

Nikamwambia mtoto. Na Jumapili, baada ya Misa, nikawaambia pia wale walionisikia nikishtaki. Hilo lilikuwa gumu kuliko lile la kwanza.

Ndugu zangu, sisi watu wa Ituri, tulioonja vita vya miaka ya 1999 hadi 2003 na vile vya tangu 2017, twajua neno la kushuku laweza kufika wapi. Ajapo mtu kukuambia, “Fulani katuibia,” mwulize kama amekwisha kutazama nyumbani mwake.

Papa Fransisko, katika barua yake Laudato Si’ ya mwaka 2015, alifundisha kwamba kupata maji safi ni haki ya kila mtu. Na Bwana wetu, alipokwisha kuwashibisha watu elfu tano, aliwaagiza wanafunzi wakusanye makombo, kisipotee kitu. Wakajaza vikapu kumi na viwili. Yeye aliyeweza kuuzidisha mkate hakuvumilia makombo yatupwe. Sisi tusioweza kuumba hata tone moja, tutaachaje bidoni 36 zipotee kila siku?

Usiku huu, kabla ya kulala, nyamazeni kidogo mkasikilize nyumba zenu.