Dodoso liko wapi?

Mdadisi ameketi mkekani, dodoso liko magotini. Ameshaamkia, ameshajitambulisha, ameshaeleza kwamba majibu ni siri. Sasa anauliza: "Mama, katika siku saba zilizopita, kaya hii imetumia mchele kiasi gani?" Mama anahesabu kwa vidole. Jumapili kulikuwa na mgeni, wakapika pilau. Katikati ya wiki ilikuwa ugali. Ijumaa haikumbuki vizuri. "Andika kilo tatu." Mdadisi anaandika 3, anahamia kwenye maharage. Miezi kadhaa baadaye zile kilo tatu, zikiwa zimechanganywa na majibu ya akina mama wengine maelfu, zinatoka gazetini zikiwa asilimia ya watu wenye njaa.

Je, mdadisi angeuliza habari za siku kumi na nne badala ya saba, asilimia ingebaki ileile? Je, angeacha daftari pale nyumbani watu waandike kila wanachokula?

Maswali haya yalipimwa nchini Tanzania, na natamani kila msomaji wa takwimu angeyajua majibu yake. Kati ya Septemba 2007 na Agosti 2008, Kathleen Beegle, Joachim De Weerdt, Jed Friedman na John Gibson walifanya utafiti wa kaya kama 4,000 katika vijiji na mitaa 168 ya wilaya saba. Kaya ziligawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manane, na kila kundi likaulizwa habari za chakula kwa namna yake. Wengine walisomewa orodha ndefu ya vyakula 58, wengine orodha iliyobanwa hadi makundi 11. Kuna walioulizwa siku saba, kuna walioulizwa kumi na nne, kuna walioulizwa juu ya mwezi wa kawaida. Makundi matatu yalipewa madaftari. Watafiti walipokuja kukokotoa njaa, namna moja ya kuuliza ilitoa asilimia 19 na nyingine ikatoa asilimia 68. Nchi ni moja, misimu ni ileile, vijiji ni vilevile.

Sababu zake zinaeleweka. Cha juzi mtu hukikumbuka; cha wiki mbili nyuma humpotea, au cha mwezi uliopita hukisogeza mbele kikaingia ndani ya siku anazoulizwa. Ukimwuliza "nafaka" kwa jumla hatakumbuka mahindi ya kuchoma aliyokula kituoni, ila ukiyataja mahindi ya kuchoma atayakumbuka. Na mama anayejibu kwa niaba ya kaya nzima anajua kilichopikwa jikoni kwake. Chapati na supu aliyokunywa mumewe asubuhi huko kibandani hazijui, wala maembe waliyookota watoto wakitoka shule. Kwa sababu hiyo watafiti walichukua daftari la kila mtu mzima, lililokaguliwa mara kwa mara, kuwa kipimo cha kulinganishia namna nyingine saba. Kuliendesha nchi nzima ni gharama kubwa mno, kwa hiyo tafiti nyingi zitaendelea kuuliza kumbukumbu. Sina ugomvi na hilo. Ninachodai ni kuoneshwa swali lenyewe, neno kwa neno, ili nijue asilimia niliyopewa imetoka upande gani wa pengo hilo la 19 hadi 68.

Hapo ndipo mambo yanapokwama. Makala ya mwaka 2012 yenye matokeo ya kwanza ya utafiti huo ilitoka katika jarida linalosomwa kwa malipo. Bahati nzuri Benki ya Dunia ilikwisha kuitoa kama andiko la awali, na hilo hupakuliwa bure na yeyote. Kazi nyingi hazina bahati hiyo. Tangu Azimio la Budapest la mwaka 2002, lililotaka maandishi ya kisayansi yasomwe, yapakuliwe na kusambazwa mtandaoni bila malipo, mjadala wa ufikiaji huria umekuwa hasa juu ya makala. Makala ya sayansi ya jamii hubeba matokeo. Mbinu hupewa aya mbili. Utasoma kwamba sampuli ilichaguliwa kwa hatua mbili, wadadisi walipewa mafunzo ya siku tano, na "dodoso lilitafsiriwa kwa Kiswahili". Basi. Makala yenyewe inaweza kuwa huria kabisa, na bado mbinu ikawa imefungiwa kabatini.

Kile kifungu cha "lilitafsiriwa kwa Kiswahili" kinanikera kuliko vyote. Niliwahi kusimamia mafunzo ya wadadisi ambapo nusu siku nzima iliishia kwenye neno "kaya". Kwa wanatakwimu, kaya ni watu wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Sasa, wake wawili katika ua mmoja, kila mmoja na chungu chake, mume akila huku na huku: hiyo ni kaya moja au mbili? Uamuzi huo unabadilisha ukubwa wa wastani wa kaya, na pamoja nao kipato cha kila mtu. Ukivuka mpaka ukafika Kwale au Kilifi, mwenyeji akisikia "kaya" anaweza kufikiria kwanza misitu mitakatifu ya Mijikenda, ile iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008.

Saa nazo zina mtego wake. Katika utafiti wa matumizi ya muda, mama anasema aliamka saa kumi na moja, akatoka kuchota maji saa mbili. Mdadisi ataandika 2 au 8? Nacho kipimo cha lishe ya watoto huuliza walichokula jana, mchana au usiku. Kwa mzungumzaji ambaye siku yake huanza jua linapozama, usiku wa kuamkia leo ni wa jana au wa leo? Timu yoyote makini hukutana na maswali haya, huyajadili na kuyaamua, kisha huandika uamuzi kwenye mwongozo wa wadadisi. Utafiti ukiisha, mwongozo unapotea, na timu inayofuata inaanza kubishana upya kuhusu chungu.

Faida ya kuweka mbinu wazi ilionekana Busia, magharibi mwa Kenya. Mwaka 2004 Edward Miguel na Michael Kremer walichapisha utafiti wa kuwapa wanafunzi dawa za minyoo katika shule 75 za msingi. Waliripoti kwamba utoro katika shule zilizopata dawa ulipungua kwa robo, na kwamba hata watoto wa shule jirani ambao hawakupewa dawa walinufaika, kwa kuwa maambukizi yalipungua. Baadaye waliwakabidhi watafiti wengine data, maelezo na programu za kompyuta walizotumia kukokotoa. Timu ya wataalamu wa magonjwa kutoka London ilirudia hesabu na kuchapisha matokeo mwaka 2015. Kosa lilipatikana: programu iliyohesabu shule jirani ilikuwa inaishia kwenye shule 12 za karibu, badala ya kuzichukua zote zilizo ndani ya umbali uliotajwa. Iliporekebishwa, faida kwa shule za umbali wa kilomita tatu hadi sita haikuonekana tena kwa uhakika. Faida kwa shule zilizo karibu zaidi ilibaki. Pande mbili ziliendelea kubishana vikali juu ya maana ya matokeo kwa ujumla. Kremer alishiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Kwangu, heshima kubwa ya kazi ile ni kwamba ilikubali kukaguliwa. Kosa la mstari mmoja wa programu haliwezi kuonekana kwenye makala, hata ukiisoma mara mia.

Watafiti wetu wana kisingizio cha haki kabisa: gharama. Majarida mengi yanayojiita huria humtoza mwandishi ada inayozidi mshahara wa mwezi wa mhadhiri, na nafuu inayotolewa kwa nchi maskini haimfikii kila mtu. Hata hivyo ada si njia pekee. Demographic Research, linalotoka Rostock nchini Ujerumani tangu 1999, halimtozi msomaji wala mwandishi, na hivyo hivyo Survey Research Methods, lililoanza 2007. Tangu 2016 kuna hazina ya SocArXiv, ambako mwanasayansi wa jamii huweka andiko lake bila kulipa. Afrobarometer, iliyoanza 1999 na kuihusisha Tanzania tangu awamu ya kwanza, huweka wazi madodoso ya kila nchi.

Kisingizio cha pili, siri za wahojiwa, nakikubali nusu. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, na majibu ya mtu kuhusu ndoa yake au afya yake hayapaswi kutembea ovyo. Tafiti za DHS za afya na uzazi, kabla ya kutoa ramani, husogeza makusudi alama za maeneo hadi kilomita mbili mjini na kwa kawaida hadi tano vijijini ili kijiji kisitambulike. Lakini hayo yanahusu data. Dodoso tupu halina jina la mtu, mwongozo wa wadadisi hauna namba ya simu ya mtu, na kanuni ya kuchagua kaya haimfichui yeyote.

Mwaka 2025 tulionjeshwa hatari nyingine. Serikali ya Marekani ilikatiza fedha za DHS, mpango uliokuwapo tangu 1984, na kwa muda tovuti yake ikatangaza kwamba kazi imesimama na maombi ya data hayajibiwi. Madodoso yanayotumika kupima vifo vya watoto wetu yalikuwa yamehifadhiwa kwa wema wa bajeti ya mtu mwingine. Kwa hiyo naviomba vyuo vikuu vyetu jambo dogo: mwanafunzi wa uzamili asipitishwe mpaka aweke kwenye hazina ya maktaba dodoso lake la Kiswahili jinsi lilivyoulizwa, mwongozo aliowapa wadadisi, maneno aliyoyabadilisha baada ya majaribio na sababu ya kuyabadilisha, pamoja na leseni inayomruhusu mwingine kuvitumia. Nafasi ipo. Dodoso la kurasa arobaini ni faili dogo kuliko picha moja ya simu.