Redio ya nyumbani na mvua ya usiku: tuitayarishe namna gani?

Usiku wa tarehe 8 kuamkia tarehe 9 mwezi wa tano 2025, mto Kasaba ulifurika katika teritware ya Fizi, kando ya ziwa letu hili hili la Tanganyika. Zaidi ya watu 60 walikufa, wengi wao watoto na wazee. Miaka karibu mitano mbele ya pale, tarehe 11 mwezi wa tisa 2020, mvua kubwa ilipiga Kamituga na maji yakaingia katika mashimo ya dhahabu. Wachimbaji wapata 50 au zaidi hawakutoka.

Hapa Kalemie habari hizi mbili zinatugusa pamoja. Familia nyingi ziko hivi: baba au kijana iko karieri, mama na watoto wako mjini, na mvua inaweza kuwakuta pande zote mbili. Mwaka 2024 tuliona ziwa likipanda mpaka likaingia katika nyumba na barabara zetu. Ziwa linapandaka polepole, mtu anapata muda wa kubeba vitu. Mto wa mlimani na shimo havikupatie muda. Ndiyo maana tunasema leo juu ya redio.

« WB » haina kazi kwetu

Kuko redio ndogo za manivela, zenye sola na taa, zimeandikwa « WB » ao « Weather ». Muuzaji anaweza kukuambia kwamba zinalia zenyewe wakati mvua mbaya inakaribia. Kule Marekani ni kweli. Serikali yao iko na mitambo zaidi ya 1 000 inayotangaza hali ya hewa usiku na mchana, kati ya megahetzi 162,400 na 162,550, na redio zingine zinaamka zenyewe zikipata alama ya hatari. Kwetu hakuna mtambo unaotangaza pale. Ukifinya WB, utasikia tu « shhh ». Redio yenyewe si mbaya, FM yake inatumika vizuri, lakini usiongeze franga kwa sababu ya WB.

Huku kwetu habari ya hali ya hewa inatokaka kwa Mettelsat, idara ya serikali iliyo Kinshasa. Matangazo ya hatari yanatoka pia kwa Protection civile, kwa meya na kwa machefu wa kartie. Yote hayo yanatufikia kupitia FM: RTNC, redio za hapa mjini, na Radio Okapi inayotangaza tangu tarehe 25 mwezi wa pili 2002, Kiswahili kikiwa ndani.

Namna ya kuiweka

Chukua posti inayotumia pile, hata kama nyumba iko na umeme. Dhoruba ikipiga, umeme wa Bendera unaweza kukatika, na saa ile ndiyo utahitaji redio. Weka pile mpya zote pamoja, usichanganye mpya na za zamani. Kama posti haitumiki siku nyingi, toa pile, zisije zikavuja na kuharibu ndani.

Mawimbi ya FM yanatembeaka moja kwa moja. Mlima unayazuia, na mabati pia. Kwa hiyo usiweke posti katikati ya nyumba chini ya bati. Iweke karibu na dirisha, upande unaoelekea mtambo, na uvute antene yote. Kama sauti iko dhaifu, funga kwenye antene waya wa sentimeta 75 na uunyooshe. Kama waya unapita inje ya nyumba, uutoe mara moja ukisikia radi.

Tafuta redio mbili za hapa zinazosikika vizuri, utie alama kwa kalamu mahali pa kila moja, ili hata mtoto aweze kuzipata gizani. Moja ikizimika, unaenda kwa ya pili. Telefone ndogo ya vidude iko na FM mara nyingi, lakini inahitaji ekuteri: waya wake ndio antene.

Zamu ya kusikiliza

Kwa sababu redio yetu haituamshe yenyewe, inabidi mtu awe macho. Kila nyumba ichague mtu wa kusikiliza habari ya asubuhi na ya mangaribi. Katika majira ya mvua, tangu mwezi wa kumi mpaka wa tano, wingu likiwa jeusi upande wa mlima, posti ibaki inawaka usiku, sauti chini, karibu na kitanda. Nyumba kumi za avenyu moja zinaweza kupeana zamu. Anayesikia anapiga sufuria ao firimbi. Mukubaliane leo mutakimbilia wapi, nani anabeba watoto, nani anashika mkono wa tate.

Na karieri?

Ndani ya shimo redio haisikii kitu, udongo unakula mawimbi. Posti ibaki juu, kwa mtu anayevuta kamba ao kwa PDG wa shimo, na sauti ya kuita watu itoke ijulikane na wote. Mama akisikia tangazo mjini, atume ujumbe karieri palipo na rezo, asingoje.

Lakini tusidanganyane: tangazo la Kinshasa linaweza kutaja provinsi nzima, bila kutaja kilima chako. Mvua ikianza kupiga, hata redio isiposema kitu, watu watoke. Mvua ikiisha, wasishuke palepale. Udongo uliokunywa maji unaangukaka nyuma, wakati jua limekwisha kutoka. PDG anayesema « tumalizie kwanza hii mifuko », mujibu kwamba mifuko itangoja.

Posti ndogo na pile zake ni vitu vya bei ndogo kuliko gunia moja la unga. Mvua zinarudi mwezi wa kumi. Alama kwenye posti, zamu ya avenyu na njia ya kukimbilia, tuvitayarishe mbele ya pale.