Mashine ya Mchezo Iliyozimika: Somo la Fizikia Nyumbani

Mashine ya PlayStation 2 ilianza kuuzwa mwaka 2000 na ikakoma kutengenezwa mwaka 2013. Mwaka 2018 kampuni ya Sony ilisitisha hata huduma ya kuikarabati huko Japani. Basi kijana wa Mshangano, mjini Songea, ambaye mashine yake imezimika, asione taa wala kusikia feni, hana kiwanda cha kukimbilia. Anayo fizikia ya kidato cha tatu, nayo inamfikisha mbali kuliko anavyodhani.

Kwanza usalama. Umeme wa nyumbani ni mkondo geu wa volti 230. Ndani ya toleo nene la mwanzo, diodi huunyoosha na kuulimbikiza katika kapasita kubwa. Hapo volti si 230 tena, bali kilele cha wimbi: 230 mara kipeuo cha pili cha 2, yaani takriban 325. Kapasita ya mikrofaradi 100 kwa volti hizo hushika nishati ya jouli 5 hivi, sawa na jiwe la kilo moja lidondokapo kutoka kimo cha nusu mita. Ni kidogo kwa jiwe. Si kidogo kwa mkondo upitao kifuani. Nishati hiyo yaweza kubaki hata baada ya plagi kuchomolewa. Kwa hiyo mwanafunzi asifungue kifuniko bila mwalimu au fundi kando yake. Kapasita itolewe chaji kwa rezista ya omu 10,000 yenye kuhimili wati kadhaa. Kikomo cha muda ni sekunde 1. Baada ya sekunde 5 imebaki chini ya asilimia 1 ya volti. Kisha mita ithibitishe.

Sasa tutafute ugonjwa. Fyuzi iliyokatika ni dalili tu, na anayeiziba kwa kipande cha waya huwasha moto nyumbani mwake kwa hiari. Tazama kapasita ndogo: iliyovimba kichwa au kuvuja imekufa. Majimaji yaliyomo hukauka kwa joto, na mafundi hukadiria kuwa kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka hupunguza umri wake kwa nusu. Kapasita ya saa 2,000 katika nyuzi 105 hudumu saa 32,000 hivi katika nyuzi 65, lakini saa 16,000 tu katika nyuzi 75. Vumbi la kiangazi likiziba matundu ya feni, nyuzi hizo 10 hazichelewi kupatikana. Brashi laini, kwa maoni yangu, ni chombo kinachodharauliwa mno.

Kapasita mpya iwe na mikrofaradi zilezile, na volti zisizopungua za ile ya zamani. Ncha hasi ielekee ilikokuwa. Ikigeuzwa, yaweza kupasuka.

Kabla ya kurudisha umeme moja kwa moja, fundi huunganisha balbu ya nyuzi ya wati 100 kwa mfululizo na mashine. Balbu ikimulika kidogo kisha ikafifia, kapasita zimejaa na njia ni salama kiasi. Ikiendelea kuwaka kwa nguvu, kuna shoti, na balbu imezuia mkondo usiunguze ulichotengeneza. Balbu ya LED haifai kwa kazi hii, kwa kuwa haina uzi wa kuubana mkondo. Za nyuzi zimeadimika madukani, ukiipata, itunze.